Kifundo Kimoja, Vifundo Viwili

Chumba cha Nukta Nundu
Shule ya Wasioona
6 Februari

Mwanangu Miwani,

Salamu nyingi. Mimi mzima, kompyuta nzima, kiti ndicho kigonjwa. Kimeanza kulia kila nikijigeuza, na Bwana Kinanda, mwalimu wa muziki wa chumba cha pili, anasema kinalia kwa sauti ya fa ya chini. Sikumuuliza.

Nakutumia diski zote mbili kama ulivyoomba. Zimo ndani ya kopo la biskuti, nimezizungushia kipande cha ile sweta yako ya shule usiyotaka niitupe. Yenye kifundo kimoja kwenye uzi nilioufunga kwenye waya wake ndiyo ya safari. Yenye vifundo viwili ndiyo ya nyumbani, inayolala kwenye droo na kupokea kazi ya siku kila jioni. Kwa sasa zote zina kitu kilekile: kitabu cha hesabu cha darasa la saba, sura ya kwanza hadi ya nane. Zimebaki sita.

Unajua kwa nini nimekazana. Wanafunzi wetu hawajawahi kukishika kitabu hiki kwa nukta. Kila mwaka mwalimu anawasomea hesabu kwa mdomo, nao wanachora grafu hewani. Kiwanda cha chapa kimetupa nafasi mwisho wa Juni. Tukiikosa hiyo tunasubiri mwaka mwingine, na darasa hili litaingia kwenye mtihani mikono mitupu. Mimi naandika kwa kusikiliza rekodi za mwalimu wao, wewe unacho kitabu cha wino. Pitisha macho yako manne kwenye tarakimu zangu, rekebisha nilipokosea, unirudishie.

Kitu kimoja. Barua yako ya mwisho uliiandika kwa uvivu. Nukta zilikuwa laini kama umezipiga pasi. Nilikufundisha kuandika kwa kibao na sindano ukiwa bado una pengo la meno ya mbele, kwa hiyo usinitie aibu. Bonyeza kwa nguvu.

Mama yako mdogo


Chumba cha Kompyuta
Idara ya Maji
20 Februari

Mama Mdogo, shikamoo.

Kopo limefika, biskuti hazikuwemo. Nimesikitika.

Nimepitia sura zote nane. Umekosea mahali patatu tu, na mahali pamoja kati ya hapo ni kitabu cha wino kilichokosea, wewe ukawa umesahihisha bila kujua. Mabadiliko yamo kwenye diski zote mbili.

Na kwa kuwa zilikuwa zimeanza kuchubuka, nimezivalisha vifuko vipya vya mpira. Moja nyekundu, nyingine bluu. Zimependeza, zinafanana na watoto wa siku ya kwanza ya shule. Sasa hata zikianguka sakafuni hazitaumia.

Uliniuliza tena tofauti ya zile amri mbili nilizokutengenezea. Ukiandika peleka, kompyuta inaita rsync, lile neno ambalo sauti ya mashine yako inalitamka kama inapiga chafya. Inalinganisha folda yako na diski, inanakili kilichobadilika tu, na chochote kilichoko kwenye diski ambacho wewe huna, inakifuta, ili pande mbili zifanane. Ukiandika rudisha, mambo ni yaleyale kinyume chake: kompyuta ndiyo inayofananishwa na diski. Kwa hiyo rudisha ni ya siku ya msiba. Na kabla yake andika jaribu, itakusomea inachotaka kufanya bila kukifanya. Wenzangu hapa wanaogopa skrini nyeusi yenye maandishi matupu. Nawaambia nina mama yangu mdogo anaitumia kila siku, hawaamini.

Kiyoyozi chetu kinadondosha maji, tumekiwekea ndoo. Sisi ndio Idara ya Maji.

Nimenunua karatasi nene. Nadhani hapa utaniona mtu.

Miwani


27 Machi

Mwanangu,

Waambie hao wenzako kwamba kwangu mimi skrini zote ni nyeusi. Nimecheka peke yangu mpaka Bwana Kinanda akagonga ukuta. Tena hiyo yenu ya maandishi matupu ndiyo inayoniheshimu. Mashine ya ofisini ina vipicha, sauti inaniambia "kitufe, kitufe, picha, kitufe," kama mlevi anayehesabu nguzo. Hii ya kwangu naandika neno, inanijibu neno. Tunaelewana.

Sura ya tisa hadi ya kumi na mbili zimekwisha. Ya kumi na tatu ina majedwali ya asilimia, na kila jedwali nalipanga nukta kwa nukta. Nikifika katikati ya Aprili nitakuwa nimemaliza zote. Kila jioni naandika peleka kwenye ile ya droo bila kukosa. Ile ya safari imekaa hapo hapo inasubiri nimalize, nikutumie zote kwa pamoja.

Kompyuta yenyewe ndiyo imeanza kukoroma. Inasaga kitu ndani, halafu inanyamaza, halafu inaendelea kama hakuna kilichotokea. Fundi amesema diski ya ndani inaelekea kufa, ataleta nyingine.

Bwana Kinanda anapita mlangoni kila siku kuuliza kama nahitaji msomaji wa pili wa kuhakiki. Nimemwambia nina vidole kumi. Anapenda mno kuongea yule, hata kwaya yake inaimba ili apumzike.

Nimeungua kidogo mkono wa kulia, sufuria, si kitu. Nilijua kwa harufu. Mwalimu wa upishi ameufunga.

Karatasi nene nimeiona. Nukta bado, baba. Barua yako imenichukua siku nzima. Unaandika kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Mama Mdogo


5 Aprili

Mama Mdogo, shikamoo.

Umeungua vipi ukajua kwa harufu? Wewe ndiye uliyenifundisha kuinua mfuniko kwa kitambaa. Nenda zahanati waangalie, usiniambie si kitu.

Kuhusu kompyuta, usihuzunike, hiyo ndiyo kazi ya diski ya droo. Fundi akimaliza itakuwa tupu. Chomeka ile ya vifundo viwili, narudia, ya vifundo viwili. Andika jaribu, usikilize. Ukisikia inataka kukuletea sura zote, ndipo uandike rudisha. Kisha kunywa chai.

Nimenunua sindano mpya ya kuandikia, ina mpini wa mbao. Ninapoandika haya nina lengelenge kiganjani. Kama hata hizi huzipati, basi nitatumia nyundo.

Miwani


22 Aprili

Miwani,

Usinipigie simu kuhusu hili. Nitalia, na sipendi kulia kwenye simu, kwa sababu mtu wa upande wa pili hana la kufanya.

Fundi alibadilisha diski ya ndani Jumatatu. Nikazitoa zako kwenye droo, nikatafuta vifundo. Hakuna. Nimezigeuza, nimezipapasa, nimepitisha vidole kwenye waya toka mwanzo hadi mwisho. Laini kama sabuni. Nikasema basi, iliyo juu ndiyo niliyoitumia mwisho. Nikaichomeka. Jaribu sikuandika, watu walikuwa wanagonga mlango na nilikuwa na haraka ya kurudi kazini. Nikaandika rudisha. Mashine ikasema imemaliza. Nikashukuru, nikafanya kazi za ofisi mchana kutwa. Jioni, kama kawaida yangu, nikachomeka ile nyingine nikaandika peleka.

Asubuhi nikafungua sura ya kumi na mbili. Sauti ikaniambia faili hilo halipo. Ya tisa, halipo. Ya kumi na nne niliyoimaliza wiki iliyopita, halipo.

Unaelewa, najua unaelewa kabla sijamaliza kukuandikia. Nilijaza kompyuta kutoka kwenye ile ya safari, iliyokuwa na sura nane tu. Halafu jioni nikaichukua ile iliyokuwa na zote, nikaifananisha na hiyo. Mwenyewe. Kwa mkono wangu. Nilipogundua nikazichomoa zote mbili na sijazigusa tena.

Lakini vifundo, mwanangu. Ulizivalisha nyekundu na bluu. Nyekundu na bluu! Uliona zinampendeza nani? Ulipokuwa dukani unachagua rangi hukukumbuka zinarudi kwa nani? Umekula kwangu, umelala kwangu, umenishika mkono njiani tangu ukiwa mfupi kuliko fimbo yangu, halafu unasahau kitu kama hicho. Nyuzi zangu umezitupa kwenye ndoo ya kiyoyozi.

Sura sita, Miwani. Na Juni inakuja.

Mama Mdogo


26 Aprili

Mama Mdogo,

Pole. Pole sana. Sijui niandike nini zaidi ya hilo, na ningeweza kuliandika ukurasa mzima.

Nimejaribu kukumbuka siku niliyozivalisha. Nakumbuka duka, nakumbuka muuzaji akiniuliza rangi gani, nakumbuka nikijiona nina akili. Nyuzi sikumbuki kabisa. Lazima nilizitoa ili mpira uingie vizuri, nikasahau kuzirudisha. Hakuna maelezo mengine. Nimekuwa kama wale watu tuliokuwa tukiwacheka, wanaokuelekeza njia kwa kusema "pale kwenye nyumba ya kijani."

Kosa jingine pia ni langu, nalo ni kubwa zaidi. Nilikutengenezea kioo. Kioo kinaonyesha kilichoko mbele yake sasa hivi, hakikumbuki cha jana. Ukikosea, nacho kinakosea palepale, kwa uaminifu wote. Ningekuwekea nakala za siku, kila jioni peke yake, leo tungechukua ya juzi na kuendelea. Nilijua jinsi ya kufanya, niliona itakuchanganya.

Nitumie diski zote mbili. Usizichomeke popote, usimpe fundi, asikuambie mtu atajaribu kitu. Ziweke kwenye kopo uzifunge.

Napanda kitandani mapema siku hizi, usingizi hauji. Nisamehe.

Miwani


1 Mei

Mwanangu,

Diski hizo. Nimezifunga kwa kitambaa cha kichwani, cha pamba, kwa hiyo nakidai.

Nilikuwa mkali. Nilikuwa na haki ya kuwa mkali kwa siku moja, nimetumia wiki nzima. Lala usingizi.

Mwalimu mkuu ameniuliza kama awaandikie watu wa chapa wampe nafasi yetu mtu mwingine. Nimemwambia asubiri. Sijui nimemwambia asubiri nini.

Mama Mdogo


6 Mei

Mama Mdogo, shikamoo.

Barua hii sikuiandika kwa nukta. Nimeiweka kwenye diski mpya niliyoifunga kamba nene ya viatu, hakuna ya kufanana nayo. Faili linaitwa soma. Naamini sauti ya mashine ndiyo inayokusomea sasa. Kama Bwana Kinanda yuko mlangoni, mwombe akupishe kidogo.

Nilipofungua kitambaa chako nilikuta diski mbili, na kwenye kila waya uzi wake. Kifundo kimoja. Vifundo viwili. Ni nyuzi zilezile ulizozichomoa kwenye sweta yangu, na vifundo ni vyako, vile vya kuzungusha mara tatu ambavyo mimi hata kuvifunga sijui. Sikuzitoa, Mama Mdogo. Sikuzisahau. Hazijawahi kuondoka.

Nilifumba macho nikazishika. Vifundo ni vikubwa kama punje za mahindi.

Ndipo nikakumbuka sufuria uliyoijua kwa harufu. Nikakumbuka nukta zangu, zinazozidi kuwa laini kila mwezi huku mimi nikizidi kubonyeza. Ile barua ya Aprili niliiandika kwa sindano mpya. Nakala ya majaribio bado ninayo hapa mezani, mhasibu wetu ambaye hajui hata nukta moja ameipapasa akasema inakwaruza.

Tangu lini? Na kwa nini ulibeba peke yako?

Sina hasira. Nilijilaumu tangu Aprili na ningejilaumu mwaka mzima, ila hilo nitakusamehe siku utakayokwenda zahanati, si kwa ajili ya kuungua, kwa ajili ya vidole. Ninaogopa. Bora niseme, kwa kuwa nikinyamaza tutakuwa wawili wanaonyamaza.

Sasa habari nyingine, uisikilize umekaa. Kompyuta ikifuta faili haichomi kitu. Inang'oa tu kibao cha jina mlangoni. Nyumba inabaki palepale mpaka aje mwingine kujenga juu yake. Na kwa kuwa ulichomoa diski ukaacha kuigusa, hakuna aliyejenga. Nilianza kwa kuinakili ile ya vifundo viwili yote, kipande kwa kipande, nisije nikaharibu ya asili. Halafu nikaielekeza programu ya kufukua kwenye nakala hiyo. Ilifukua tangu asubuhi mpaka watu wanafunga ofisi.

Zimerudi, Mama Mdogo. Si zote, na si kwa adabu. Ni vipande vingi, havina majina, havina mpangilio. Swali la tangi la maji linaanzia faili moja na kuishia jingine. Sura ya kumi na tatu sijaiona hata kipande, hiyo nadhani imekwenda. Lakini nyingine tano zimo humu, zimechanganyika kama nguo kwenye kapu.

Nikivipanga peke yangu baada ya kazi tutafika Agosti. Tugawane. Mimi nitatumia kitabu cha wino huku. Maneno ya maswali unaweza kuyapanga kwa kusikia, una masikio kuliko sisi sote. Majedwali na grafu hayasikiki, yanahitaji vidole. Na najua mtu mmoja huko mwenye vidole, anayepita mlangoni kila siku kuuliza.

Mwanao


19 Mei

Mwanangu Miwani,

Nimeisikiliza barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilizima katikati.

Ilianza mwaka jana, mvua zilipoanza. Vidole viwili vya kulia vikawa kama nimevaa soksi. Nikasema baridi. Halafu vya kushoto. Nikasema uzee. Nikawa nasingizia karatasi, nasingizia wewe, na kusema kweli nilikuwa naamini, kwa sababu ilikuwa rahisi kuamini kwamba mtoto niliyemlea amekuwa mvivu kuliko kuamini hili lingine. Mtu wa nukta asiye na vidole ni nani? Nilijiona nimehamishiwa mapokezi, napokea simu na kusema "subiri kidogo." Nikasema acha nimalize kitabu kwanza. Sura ya tisa hadi ya kumi na nne nilizipanga kwa kukariri na kwa sauti ya mashine, sikuzihakiki kwa mkono hata ukurasa. Barua yako ya Aprili, ile ya pole, alinisomea Bwana Kinanda. Sehemu ya nyumba ya kijani aliisoma mara mbili kwa furaha yake mwenyewe.

Nimekwenda zahanati. Ni sukari, mwanangu, imekaa muda mrefu bila kupiga hodi. Muuguzi alichukua uzi mgumu wa plastiki awe ananigusa kidole kimoja kimoja, niseme "ndiyo" nikihisi. Nikasema ndiyo, nikasema ndiyo, nikasema ndiyo. Akaniambia, "Mama, bado sijaanza." Tulicheka wote wawili, halafu mimi nikaacha kucheka, naye akanishika bega akaniacha nimalize.

Dawa nimeanza. Anasema hisia zilizokwisha kupotea hawezi kuniahidi kuzirudisha, ila zilizobaki tunaweza kuzilinda. Aliponigusa kwa kweli, nilichopatia ni kidole kimoja tu, kidogo cha mkono wa kushoto. Kile ambacho maisha yangu yote hakijawahi kusoma hata neno, kazi yake ilikuwa kukaa pembeni.

Nilimwambia mwalimu mkuu mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu. Nikaanza kuzikusanya karatasi zangu kichwani. Akasema, "Sasa kwaya nani ataifundisha mchana, kama Bwana Kinanda atakuwa kwako?" Ndivyo nilivyojua siendi mapokezi.

Kwa hiyo tuko wawili chumbani. Mimi nasikiliza vipande na kuvipa majina, yeye anapapasa majedwali na kunisomea tarakimu. Anaziimba. Nimemkataza, anaimba kwa sauti ya chini. Sura ya kumi na tatu tunaiandika upya, na nakiri imekuwa nzuri kuliko ya kwanza, maana yeye hajui asilimia na kila asipoelewa ananisimamisha. Wanafunzi nao wasingeelewa hapohapo.

Nina ombi. Ukimaliza sehemu yako, niandikie kwa nukta kama zamani. Nijaribu.

Mama Mdogo


24 Juni

Mama Mdogo, shikamoo.

Hii ni kwa nukta. Nimeweka gazeti chini ya kibao, nimesimama, nabonyeza kwa bega.

Kitabu chote, sehemu yangu na ile yenu mliyonitumia, kimo kwenye diski ya kamba ya viatu. Sura kumi na nne, nimezilinganisha na za wino ukurasa kwa ukurasa. Mpe mwalimu mkuu kopo hilo hilo apeleke kiwandani, asilifungue njiani.

Amri zako nimezibadilisha. Peleka sasa haifuti kitu. Kila jioni inatengeneza folda mpya yenye tarehe, na kwa kilichobaki vilevile inaelekeza tu kwenye cha jana, kwa hiyo nafasi haijai. Ukikosea leo, jana ipo. Ukikosea jana, juzi ipo. Na rudisha haitakubali kufanya kazi kabla hujaandika jaribu. Najua utanikasirikia, kasirika.

Nyuzi za sweta nimeziacha kwenye diski zako. Nimeongeza kengele ndogo ya baiskeli ya mtoto kwenye ile ya nyumbani. Hiyo Bwana Kinanda atakuambia ni sauti gani.

Nakuja likizo. Usipike, nitapika mimi.

Miwani


30 Julai

Chumba cha Nukta Nundu

Mwanangu,

Vitabu vimefika juzi. Katoni nne, zinanuka gundi. Mwalimu mkuu alitaka hotuba kwanza, lakini darasa la saba walikwisha kusikia katoni zikishushwa, na hakuna aliyemsikiliza. Nilikaa nyuma kwenye kiti changu kinacholia. Kwa muda kulikuwa na ile sauti ya vidole vingi kwenye karatasi, unaikumbuka. Nilikuwa sijaisikia darasani kwenye kipindi cha hesabu, na nimefundisha hapa tangu hujazaliwa. Nililia kidogo, hakuna aliyeniona, hiyo ndiyo raha ya shule yetu.

Kisha msichana wa mstari wa mbele akanyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, sura ya kumi na tatu, jedwali la pili, hapa jumla haifiki mia." Bwana Kinanda akaanza kukohoa. Tukakagua. Amesema kweli. Alikuwa anaimba yule, nilimwambia, na macho yako manne nayo yalilipita. Nimefungua faili, nimerekebisha, jioni nimeandika peleka, kengele ikalia nilipoichomoa. Kabla ya wiki kwisha darasa zima litakuwa linatafuta makosa yetu, na mwalimu wao anasema hawajawahi kufanya hesabu nyingi hivyo kwa hiari.

Sukari imeshuka. Soksi za vidoleni hazijavulika, ila hazijapanda.

Barua yako ya Juni sikumpa Bwana Kinanda wala mashine. Niliilaza mezani, nikakiweka kile kidole kidogo cha kushoto juu yake, nikakiambia kifanye kazi sasa. Siku ya kwanza nilipata "Mama." Nikafunga, nikaenda kulala nikiwa tajiri. Kesho yake nikapata mstari. Kimekuwa kama mtoto wa darasa la kwanza, kinarudia rudia, kinapotea kinaanza upya, mkono wangu mzima unachoka kukisubiri. Leo nimemaliza. Nimeisoma yote, mpaka ile ya kengele, mpaka ya kupika, na najua kwamba mstari wa tano umepinda kuelekea chini kama ulivyokuwa ukipinda ulipokuwa na miaka saba, na kwamba kwenye neno "likizo" ulisita ukarudia nukta.

Njoo upike. Na tafadhali punguza nguvu, umetoboa karatasi.

Mama Mdogo